Mkono wa Nani Uko Masikioni Mwako?

Kuna imani imeenea kati ya wapenzi wa hedifoni za bei kali, nayo inasema hivi: ukishanunua chombo kizuri, usiguse kitu. Ikwalaiza ni ya watu wa matatu. Ni ya vijana wanaotaka besi igonge mpaka vioo vitetemeke. Msikilizaji aliyekomaa anasikiliza muziki jinsi msanii alivyokusudia, na ukimwambia umepunguza desibeli mbili mahali fulani anakutazama kama mtu aliyemwaga tomato sosi juu ya pilau ya harusi.

Kwa maoni yangu imani hiyo haina msingi, na wanaofaidika nayo zaidi ni wauzaji. Ukiamini kwamba sauti nzuri inakaa ndani ya chombo, basi dawa ya kila kasoro ni kununua chombo kingine. Leo unahangaika na Sennheiser HD 600, ambayo ni kama shilingi 40,000 na zaidi kabla hujaongeza usafiri na ushuru. Kesho unaambiwa uhamie HD 800 S, na hapo tunazungumzia laki mbili na zaidi, bei ya pikipiki mpya. Wakati huo wote simu yako ina uwezo wa kurekebisha kasoro nyingi bila kukudai hata bob. Ila hakuna anayepata kamisheni akikwambia.

Hebu tuchukue wimbo mmoja tuufuatilie. Wimbo wenyewe ni Malaika, ule wa Fadhili William. Jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida, na hilo la mwisho linajieleza: Mdawida ni mtu wa Dawida, Mtaita wa milimani. Kwa hiyo sisi wa Voi na Wundanyi tukijidai kidogo wimbo huo ukipigwa, mtuvumilie. Aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na kundi la Jambo Boys, kisha ukarekodiwa upya katika studio ya Equator iliyokuwa chini ya Charles Worrod jijini Nairobi. Baadaye Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba, Boney M. wakauimba, Angélique Kidjo akauimba. Wapo wanaosema mtunzi halisi ni Adam Salim wa Tanzania, na ubishi huo sitauingilia leo. Ninachotaka kuuliza ni kidogo zaidi: ukisema unataka kusikia Malaika "jinsi msanii alivyokusudia", unamaanisha Malaika ipi?

Maana sauti ile haikutoka kooni mwa Fadhili ikaingia sikioni mwako moja kwa moja. Kwanza kulikuwa na maikrofoni, na kila maikrofoni ina upendeleo wake: hii inang'arisha sauti za juu, ile inavimbisha za chini. Mtu fulani aliamua iwekwe wapi. Halafu ikaja santuri, na hapa ndipo mambo yanachekesha. Tangu mwaka 1954 watengenezaji wa santuri duniani walianza kufuata kanuni moja iitwayo RIAA. Wakati wa kuchonga, besi inapunguzwa kwa makusudi na sauti za juu zinapandishwa, kwa sababu besi kamili ingechonga mfereji mpana mno hadi sindano iruke, na sauti za juu zisipopandishwa zingezama kwenye mikwaruzo. Mwishoni kabisa mwa masafa, tofauti hiyo inafika karibu desibeli 20 kila upande. Ukiicheza, amplifaya inafanya kinyume chake ili mizani irudi. Yaani ikwalaiza imechongwa ndani ya santuri yenyewe! Yule mzee anayejisifu kwamba anasikiliza rekodi safi, zisizoguswa, anasikiliza ikwalaiza mbili zinazovutana.

Na wengi hawakuwa hata na santuri. Walikuwa na redio ya betri yenye spika ndogo kama kisosi. Spika ya namna hiyo haitoi besi ya maana, haifiki juu sana, na katikati inasukuma sauti ya mwimbaji mbele kana kwamba amesimama mlangoni. Kwa nyanya wengi wa Mwatate, hiyo ndiyo Malaika. Ukiwapa ile iliyosafishwa na kung'arishwa watakwambia ni nzuri, lakini si yenyewe. Wako sawa pia.

Sasa tuhame kutoka kwenye rekodi tuje kwenye kichwa chako. Sikio lako ni ikwalaiza. Tundu la sikio ni kijibomba kifupi kilichozibwa upande mmoja na kiwambo, na kama chupa ya soda unayoipuliza mdomoni, kina noti yake. Noti hiyo iko karibu na hezi 3,000, na umbo la sikio la nje nalo linaongeza lake. Kwa hiyo sauti yoyote ya eneo hilo inakufikia ikiwa imepandishwa desibeli kumi na kitu. Umezaliwa na hali hiyo, ndiyo maana huioni kama nyongeza. Ukivaa hedifoni, unavuruga mpango huo, kwa sababu sauti haitoki tena mbali ikazunguka kichwa na sikio. Inamwagwa hapo hapo mlangoni. Inabidi injinia wa hedifoni airudishe ile nyongeza kwa mkono. Airudishe kiasi gani? Hapo hakuna jibu lililoandikwa mbinguni. Kuna uamuzi wa mtu, au wa kikao cha watu, au wa idara ya mauzo.

Kwa miaka mingi kila kampuni iliamua kivyake. Kisha mwaka 2013 Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni yenye JBL na AKG, wakachapisha utafiti wa aina nyingine. Badala ya kubishana ni hedifoni gani iliyo sahihi, waliwapa watu wasikilize bila kujua chapa, wakauliza: unapenda ipi? Kutokana na majibu wakachora mchoro lengwa ambao siku hizi unaitwa mchoro wa Harman. Kwa ufupi unafanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri: besi imeinuliwa kiasi, katikati imetulia, kuna kilima karibu na hezi 3,000, halafu sauti za juu zinateremka polepole. Mwaka 2014 wakatoa kazi nyingine iliyolinganisha wasikilizaji wa nchi nne: Marekani, Kanada, Ujerumani na Uchina. Ladha zao zilifanana kuliko wengi walivyotarajia.

Hakuna nchi ya Afrika kati ya hizo nne. Sisemi hivyo ili kulalamika, wala sidhani sikio la Voi lina kona ambazo sikio la Berlin halina. Uwezekano mkubwa ni kwamba tungependa karibu kile kile. Ninachosema ni kwamba ukinunua hedifoni inayojisifu kufuata mchoro huo, umenunua wastani wa masikio ya watu wengine waliokaa kwenye chumba kimya. Wastani ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini wastani hauishi karibu na barabara kuu ya Mombasa, ambako malori hayalali.

Kabla sijafika barabarani, tumalizane na bei. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, akalinganisha mizani ya sauti na bei ya dukani. Hakupata uhusiano wa maana kati ya hivyo viwili. Isome tena polepole. Ukilipa zaidi unaweza kupata mto laini wa masikio, vipuri, chuma badala ya plastiki, labda mpasuko mdogo wa sauti. Mizani ya sauti, yaani kile kitu ambacho sikio linakisikia kwanza, haifuati bei. HD 800 ilipotoka mwaka 2009 ilisifiwa kwa upana wa sauti, na papo hapo ikalaumiwa kwa kilima kikali karibu na hezi 6,000 kinachofanya herufi "s" zikate kama wembe. Watu walitumia zaidi ya dola elfu moja, kisha wakakaa chini kukipunguza kilima hicho kwa ikwalaiza ya bure. Nawapongeza. Ila basi wasituambie ikwalaiza ni ya watu wa matatu.

Na hata ingekuwa, watu wa matatu wana nini? Panda gari pale stejini Voi uelekee Wundanyi. Mpaka Mwatate ni tambarare, halafu milima inaanza, kona juu ya kona, injini inanguruma kwa gia ndogo. Mngurumo wa injini na matairi umejaa zaidi kwenye masafa ya chini, na sauti kubwa ya masafa fulani huifunika ile ndogo ya masafa hayo hayo. Kwa hiyo ndani ya gari besi ya wimbo ndiyo ya kwanza kumezwa. Yule dere aliyepandisha besi na sauti za juu, akaacha katikati imelala, mpaka vitufe vya redio vikachora umbo la tabasamu, hakufanya hivyo kwa ushamba. Amesikia kinachopotea, akakirudisha. Tunaweza kubishana naye kuhusu kiasi, hasa ukiwa umekaa nyuma juu ya spika, lakini hoja yake ni ya mhandisi: sauti hurekebishwa kulingana na mahali inaposikilizwa. Kumbe anawashinda wale wanaovaa hedifoni za wazi za laki mbili kwenye nyumba ya mabati mvua ikinyesha, wakisubiri waisikie pumzi ya mpiga fidla.

Jozi ninayotumia mimi ni HD 600 ya mkono wa pili, niliyouziwa na binamu aliyerudi kutoka Doha. Nina amplifaya ndogo kwa sababu hedifoni hizo zina ukinzani wa omu 300 na simu inazisukuma kwa shida. Ni chombo ambacho wahakiki wamekisifu tangu 1997, na katikati yake, pale sauti ya binadamu inapokaa, sijasikia kitu cha kuipita. Lakini ukiweka Lamba Lolo ya Ethic, unagundua kwamba kuna ghorofa ya chini ambayo haina ngazi. Hedifoni za wazi za aina hii huanza kushuka kwenye besi ya ndani, na gengetone inaishi huko huko. Bila ikwalaiza, wimbo unabaki maneno na makofi. Nikiinua kila kitu chini ya hezi 105 kwa desibeli tano hivi, nyumba inapata msingi. Haigeuki kuwa sabufa, na ukizidisha utasikia diaframu ikianza kulia. Ila wimbo unakuwa ule uliotengenezwa.

Sasa weka Malaika kwa mpangilio ule ule. Ile desibeli tano iliyoijenga gengetone inaleta mngurumo ambao si wa gitaa wala wa besi. Ni mtambo wa santuri unaozunguka, ni kelele ya mkanda, ni umri. Huko chini kwa Fadhili hakuna muziki wa kuinua. Ninachofanya ni kinyume: nakata kila kitu chini ya hezi 60, kisha napunguza desibeli mbili karibu na 3,000 kwa sababu nakala niliyo nayo imeparuza hapo. Basi. Sauti yake inashuka kutoka kwenye paji la uso wangu na kukaa mbele yangu, na gitaa linapata mahali pake pembeni.

Hapo ndipo ninapotofautiana hata na wenzangu wanaotetea ikwalaiza. Wengi wao wanaingia kwenye mradi wa AutoEq wa Jaakko Pasanen, wanachukua tarakimu za hedifoni yao, wanazibandika kwenye Wavelet ya Android au Equalizer APO ya kompyuta, kisha wanatangaza kwamba sasa wanasikia ukweli. Mradi huo ni zawadi kubwa na nautumia. Lakini unarekebisha hedifoni, haurekebishi rekodi. Hizo ni kazi mbili. Ya kwanza inaweza kufanywa na mashine ya kupimia iliyoko mbali. Ya pili inahitaji mtu anayeujua wimbo. Tena hata kwenye ile ya kwanza, ukipita hezi 8,000 hivi vipimo vinaanza kutegemea umbo la sikio la mashine na jinsi hedifoni ilivyokaa juu yake, na sikio lako si lile. Kubandika tarakimu za mtu bila kusikiliza ni imani ile ile ya "usiguse kitu", ila imevaa kofia nyingine.

Ukitaka kujaribu, mambo si magumu. Tafuta ikwalaiza ya parametriki, ile inayokuuliza maswali matatu: wapi, kiasi gani, na kwa upana gani. Anza kwa kupunguza kabla ya kuongeza. Mara nyingi kinachoitwa ukosefu wa besi ni wingi wa kitu kingine. Ukiongeza desibeli tano popote, shusha sauti nzima kwa desibeli tano au sita kwanza, la sivyo vilele vya sauti vitakatwa na wimbo utapasuka. Kisha, na hili ndilo watu wengi huruka, hakikisha ukubwa wa sauti ni sawa kabla na baada. Sikio la binadamu ni fisadi: ukiliongezea sauti kidogo tu linasema ni bora. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walipopima mambo haya, tunajua pia kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi haraka kuliko katikati. Kwa hiyo mpangilio uliokufurahisha saa nne usiku kwa sauti ya chini hautakuwa sawa mchana. Zima, washa, zima. Kama huwezi kueleza tofauti kwa maneno yako, ondoa hiyo mabadiliko, haina kazi.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ikwalaiza inapandisha na kushusha kilichopo. Haiumbi. Nina video kadhaa za Mwazindika, ngoma ya kiroho ya Wadawida, zilizopigwa kwa simu kwenye sherehe huku milimani. Ukiwa pale, ngoma ile kubwa haiingii masikioni kwanza. Inaingia tumboni, na miguu inajua kabla ya kichwa. Kwenye video imebaki "tok, tok" ya ngozi, kama mtu anabisha hodi kwenye debe. Maikrofoni ya simu imechuja masafa ya chini ikidhani ni upepo, na programu ya simu imebana kila mpigo mkubwa ulingane na mdogo. Nimejaribu kuinua hezi 50, 60, 80. Kinachoinuka ni mvumo wa upepo. Tumbo la ngoma halimo kwenye faili, na hakuna hedifoni ya laki mbili wala ya milioni itakayolipata.

Hii ndiyo sababu mjadala wa "chombo gani cha kununua" unanichosha. Tunabishana juu ya mlango wa mwisho wakati milango ya kwanza imebomoka. Nakala nyingi za nyimbo za wazee wetu zinazozunguka mtandaoni zimetolewa kwenye kaseti iliyochoka, ikarekodiwa, ikabanwa, ikapakiwa, ikapakuliwa, ikabanwa tena. Kila hatua imekula kitu, na hakuna aliyeulizwa. Mtu akisikia hivyo anasema muziki wa zamani ulikuwa na sauti mbovu, kumbe anausikia kupitia mashuka matano. Kazi kama ya Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, ya kuwatafuta wanamuziki wa zamani na kurekodi historia zao, ina faida kwa masikio yetu kuliko diaframu yoyote ya titani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Hakuna sauti isiyoguswa. Kuna mkono wa aliyeweka maikrofoni, wa aliyechonga santuri, wa aliyebana faili, wa injinia aliyeamua sikio lako lipate kiasi gani karibu na hezi 3,000. Mkono wako ukiwa wa mwisho kwenye foleni hiyo hauharibu usafi wowote. Unachofanya ni kile ambacho msomaji mzuri hufanya na kitabu: anajua kimetoka wapi, kimepitia kwa nani, na yeye anakisomea wapi. Wale wanaosema usiguse wanakuomba tu uache mikono ya wengine ifanye kazi bila kuonekana.

Na kama una elfu arobaini za kuchezea, nunua HD 600, sitakuzuia. Ila kabla ya hapo, piga simu nyumbani. Uliza ni nani bado ana kaseti ndani ya sanduku, na kama kuna mashine inayozicheza. Uirekodi moja kwa moja kwa waya, bila kuibana, kabla ukungu haujaimaliza. Mambo ya desibeli tutayazungumza baadaye, kukiwa na kitu cha kusikiliza.